Kioo cha Kupimia Baridi

Boke alikisoma kioo mara tatu kabla ya kupiga debe, na mara zote tatu kioo kilisema nane. Ilikuwa saa tatu usiku, Julai ya 1995, pembeni mwa bonde la Susuni. Bwana shamba Method alikuwa amemwandikia kwa kalamu nyekundu ndani ya mlango wa kisanduku kilimokaa kioo: saa tatu usiku, chini ya nyuzi tisa, piga debe. Maana yake ni kwamba ikifika alfajiri umande utaganda juu ya majani, na harage lililogandiwa na umande likipigwa na jua la asubuhi hugeuka jeusi kama lililomwagiwa maji ya moto.

Pua yake ilikataa. Mawingu yalikuwa yamesogea kutoka upande wa ziwa, moshi wa majiko ulikuwa ukipeperushwa, na ng'ombe wa jirani walikuwa wamelala mbalimbali zizini. Usiku wa baridi ya kuua, moshi hupanda kidogo ukachoka, ukajilaza juu ya bonde, na ng'ombe hubanana. Hayo Boke aliyajua kabla hajajua kusoma. Lakini pua ilikuwa yake na kioo kilikuwa cha serikali, kwa hiyo akakiamini kioo. Akachukua debe na mti akaanza kupiga.

Bonde zima likaamka. Kila shamba lilikuwa na malundo ya mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa pembeni, tayari kuwashwa ili moshi wake uyafunike maharage mpaka jua litoke. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha kabla debe halijalia, maana mavi hayakutosha kwa kubahatisha na kuni hazikuwepo. Miti ya mlimani ilikuwa imekwishia machimboni, imesimamishwa ndani ya mashimo ya dhahabu ili udongo usiwaangukie wachimbaji. Na mwaka ule hakuna aliyekuwa na utani na maharage. Mwezi wa nne mvua ya mawe ilikuwa imeyaponda mahindi yote ya mlimani, na kilichosimama pale bondeni ndicho kilikuwa chakula cha watu mpaka Desemba.

Wakawasha, wakakohoa, watoto wakalia kwa moshi. Kulipokucha kulikuwa na mawingu na manyunyu, joto kabisa, na majani ya maharage yalikuwa yamechanua bila shida yoyote. Wengine walicheka, wakaenda kulala.

Nyumbani kwa Boke kulikuwa na mtu mmoja ambaye debe halikumwamsha, kwa sababu hakuwa amepata usingizi. Magige, mume wake, alikuwa amelala chali akitazama mabati. Yeye alijua kwamba kioo kinasema uongo. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyekiharibu.

Wiki mbili kabla ya hapo, Magige na mwenzake Felix walikuwa wamefikisha nusu beseni ya mchanga mweusi kutoka kwenye shimo lao ng'ambo ya kilima. Dhahabu ilikuwamo, waliiona ikimetameta, lakini ilikuwa vumbi tupu, na vumbi la dhahabu halikamatwi na mkono. Linataka zebaki ilikusanye, kisha zebaki ichomwe. Zebaki aliuza Maftah, mfanyabiashara wa Tarime mjini, katika vichupa vidogo vya dawa ya macho. Magige alimwomba kichupa kimoja, alipe wakishachoma. Maftah alikuwa akiwamiminia watu chai. Alimimina ya mtu wa kulia, akamimina ya mtu wa kushoto, akamruka Magige, akasema, "Mura, wewe mwenyewe mchanga wako huuamini, ndiyo maana hutaki kuweka hela yako. Mimi niuamini kwa sababu gani?" Watu wakacheka na vikombe vyao mkononi.

Hapo ndipo Magige alipokumbuka kisanduku cha mke wake. Ndani mlikuwa na vioo viwili, kimoja cha joto la mchana na kingine cha baridi ya usiku, na aliwahi kuona zahanati kipimajoto kikivunjika na zebaki ikikimbia sakafuni. Akavichukua vyote viwili Boke akiwa mtoni. Cha mchana walikivunja. Kilitoa tone lisilofika ukubwa wa punje ya choroko, na tone hilo likakusanya dhahabu ya kununua supu ya watu wawili na pakiti ya sigara. Ndiyo hiyo. Cha usiku kilikuwa na maji maangavu ndani, si zebaki, lakini Felix akasema zebaki imejificha chini, inataka moto. Wakakifukia kwenye majivu ya moto. Kikachemka ndani kwa ndani, hakikutoa kitu. Kilikuwa na spiriti tu tangu kilipotengenezwa, na laiti wangemuuliza Boke angewaambia.

Magige akakifuta, akakirudisha mahali pake. Kile kilichokosekana akamwambia Boke kwamba bwana shamba alipita akakichukua kwenda kukitengeneza. Boke aliamini. Mwanamke anaishi na mtu miaka kumi na sita, amemzalia Elieth na wadogo zake watatu, ataanzaje kudhani kwamba mume wake ameiba kioo?

*

Usiku wa pili kioo kilisema saba. Mawingu yalikuwepo bado, na upepo pia. Boke alisimama pale na kurunzi, akafunga mlango wa kisanduku, akaufungua tena, akarudi ndani kumuuliza mume wake kama na yeye anahisi baridi. Magige angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, hakukuwa na mtu mwingine, watoto walikuwa wamelala. Badala yake akajivutia blanketi na kusema, "Anayejua si kioo? Wewe soma, piga. Kazi yako ni hiyo."

Akapiga. Watu wakawasha. Asubuhi hakuna aliyecheka.

Usiku wa tatu kioo kilisema sita, na Boke akapiga debe huku akijiambia kwamba pua yake imezeeka. Baadhi ya watu hawakutoka. Waliotoka waliwasha mavi yao ya mwisho, na asubuhi, kwenye joto lilelile, malundo yalikuwa yamekuwa majivu bonde zima. Mwanamume mmoja alisimama kwenye mpaka wa shamba lake akamtukania Boke wazazi wake kwa Kikurya, polepole, ili asikose hata neno moja.

*

Siku hiyohiyo wazee waliita ritongo, baraza lao. Wanaume walikaa kwenye vigoda na mawe, wanawake wakakaa nyuma kwenye nyasi. Mzee Ryoba, ambaye ndiye aliyesimamia baraza, alisema tangu mwanzo yeye hakupenda mambo ya kioo. Bwana shamba alikuja akataka mtu anayejua kusoma namba na anayeishi karibu na bonde, akampa mwanamke, na wazee wakanyamaza kwa sababu ni mambo ya serikali. Sasa mwanamke amewaamsha wanaume usiku tatu mfululizo. Mwingine akadakia kwamba labda ndilo alilokuwa anataka, kuona wanaume wakikimbia kwa sauti yake. Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko matusi ya asubuhi.

Boke aliruhusiwa kusema. Alisimama akasema kwamba alisoma kilichoandikwa, na kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi lakini kioo hakikuwahi kumdanganya miaka minne. Ryoba akamwambia akae. Faini ni mbuzi mmoja, akasema, na debe litakaa kwake mpaka bwana shamba apatikane. Kisha akamgeukia Magige, kwa maana ndiyo desturi, mke hatozwi mume hajaulizwa.

"Magige, huyu ni mke wako. Una neno?"

Magige alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa bado nyeusi kwa mchanga wa shimo.

"Sina neno, tata," akasema.

Mbuzi alikuwa wa Boke, alimnunua akiwa mdogo kwa hela ya vitunguu. Magige mwenyewe ndiye aliyemleta kwa kamba. Wanaume wakamchinja palepale kama ilivyo kawaida ya faini, wakamchoma, na Magige akapewa ini kwa sababu mbuzi katoka nyumbani kwake. Akalila. Ningetamani kuandika kwamba lilimkwama kooni, lakini halikumkwama. Alilila lote, akajifuta mdomo, akaomba chumvi kwa ajili ya mbavu.

*

Siku hiyo ya nne mawingu yaliondoka mchana. Ilipofika saa kumi na mbili jioni anga lilikuwa wazi kutoka mlima hadi mlima, na upepo ulikata ghafla. Boke alikuwa akipika ugali wa muhogo. Akatoka nje kumwaga maji, akaona moshi wa jiko lake umepanda mpaka usawa wa migomba, ukasimama, ukaanza kujilaza kuelekea bondeni. Akavua kandambili, akakanyaga nyasi. Hazikuwa na umande. Zilikuwa kavu na baridi yake ilipanda mpaka magotini. Vyura wa bondeni, ambao siku zote tatu walipiga kelele, walikuwa kimya.

Alikwenda kusoma kioo kwa sababu ya mazoea tu. Kilisema nne. Safari hii hakuwa na haja nacho.

Mzee Ryoba alikuwa anakula. Boke alisalimia mlangoni, shikamoo, akajibiwa marahaba bila kukaribishwa, akaachwa amesimama pale mpaka mzee amalize tonge, na jingine, na jingine. Aliomba debe. Alisema usiku huu ndio wenyewe, ameuona kwa moshi na kwa nyasi. Ryoba akanawa mikono.

"Mama Elieth," akasema, "mbuzi wako bado yuko tumboni mwetu. Nenda kalale."

Akaenda nyumba kwa nyumba. Kwa wa kwanza mlango haukufunguliwa. Kwa wa pili alifunguliwa na mwanamke, na sauti ya mume ikatoka ndani ikiuliza ni nani, na mwanamke akaufunga taratibu huku akimtazama kwa huruma isiyo na faida. Nyumba ya tatu walimwambia hata kama ni kweli, wachome nini? Mavi yote aliyamaliza yeye. Ilikuwa kweli, na Boke akasogea mlango uliofuata.

Magige alimkuta njiani akamshika mkono. Hakuwa amelewa. Alikuwa na hakika, na hakika yake ilitoka palepale kwenye dhambi yake: kioo ni kibovu, yeye anajua ni kibovu, kwa hiyo baridi haipo. Hakufikiria kwamba mke wake anaweza kuwa na kitu kingine cha kumwambia zaidi ya kioo.

"Rudi nyumbani," akamwambia. "Usiniaibishe."

Boke aliutoa mkono wake. Neno lile lilikuwa halijamfika vizuri. Lilimfika baadaye.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Gati, mjane, ambaye shamba lake lilipakana na la Boke upande wa juu. Gati alitoka na taa ya chemli akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ni kioo kinasema au ni wewe unasema?"

"Ni mimi nasema."

"Basi ngoja nivae."

Hawakuwa na mavi wala kuni. Gati alikuwa na ghala la zamani la nafaka pembeni mwa shamba lake, tupu tangu mvua ya mawe, limeezekwa kwa nyasi nene. Wanawake wawili wakapanda, wakalivua paa lile konzi kwa konzi, wakazilowesha nyasi kidogo ili zisiwake bali zifuke, wakachoma mafungu kwenye mstari wa juu wa shamba. Nyasi zilipokwisha wakang'oa fito. Fito zilipokwisha wakachoma kigoda. Moshi ulitosha nusu ya shamba la Gati. Haukufika kwa Boke, na hawakuwa na kitu cha kuusukuma ufike. Alfajiri Boke alisimama kwenye mpaka, akaona majani ya maharage yake yana kitu cheupe kama unga, akagusa jani moja likavunjika kwa mlio.

Akakaa chini kwenye tuta. Gati akamwambia watagawana yaliyopona. Boke akaitikia kwa kichwa, akalia kwa hasira. Huzuni ilikuwa bado haijaanza.

*

Jua lilipopanda weupe ukayeyuka, na kufikia saa nne maharage yalikuwa yameinama meusi, shamba baada ya shamba, bonde lote la juu. Ya chini kabisa, karibu na maji, yalikuwa yamepona kwa ukungu wa mtoni. Watu walitembea kwenye matuta wakigusa majani kama watu wanaomgusa maiti kuhakikisha. Hakuna aliyemwendea Boke kumwambia ulisema kweli. Mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba huenda ni lile debe lililoiita baridi.

Bwana shamba Method alifika saa nane na pikipiki, habari zilikuwa zimemfikia Tarime kwa abiria wa asubuhi. Wazee wakamzungusha mashambani, kisha wakampeleka kwenye kisanduku, na nusu ya kijiji ikafuata. Akafungua mlango, akasimama.

"Kioo cha mchana kiko wapi?"

"Si ulikichukua wewe," Boke akasema. "Mume wangu alisema ulipita."

"Mama, mimi sijakanyaga hapa tangu Mei."

Method akakitoa kioo cha usiku, akakiinua kwenye mwanga. Juu kabisa ya mrija palikuwa na tone la spiriti lililojitenga, limenata peke yake, na ubao wake ulikuwa na masizi nyuma. Akawaonyesha. Hiki kimechomwa moto, akasema, spiriti imepanda juu haijarudi, ndiyo maana kinasoma chini ya ukweli, nyuzi nne labda, na kadiri siku zinavyokwenda kinazidi. Mama alisoma sawasawa. Kioo ndicho kilichoharibiwa.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa ofisi, akatoa daftari na kumwambia Boke kwamba vifaa vile vimeandikishwa kwa jina lake, kwa hiyo itabidi aandike barua ya maelezo, nakala tatu. Boke hakumsikia. Alikuwa anamtazama Magige, na sasa neno la jana usiku lilikuwa limemfika. Usiniaibishe.

Magige alizungukwa na macho, na kwa mara ya kwanza tangu jambo lianze hakuwa na pa kulala chali. "Tulitaka tone moja tu," akasema. "Tone la zebaki. Sikujua kama kitaharibika. Niliona kinasoma chini nikadhani kitarudi chenyewe."

"Siku ya ritongo ulikuwa unajua?" Gati akauliza kutoka nyuma, na hakuna aliyemkemea kwa kusema bila ruhusa.

Magige akainamisha uso, na jibu likajulikana.

Mzee Ryoba alikohoa. Alikuwa mtu mzima, alijua jambo linapoanza kuelekea kwake. Akasema kwamba ni kweli Magige amekosea, amekosea sana, lakini sasa limeshajulikana, na kwa kuwa kitu kiliibwa ndani ya nyumba, na mwenye nyumba, basi hili ni la mume na mke. Wakalimalizie nyumbani kwao, kwa utulivu. Wanaume kadhaa wakaitikia, maana walewale ndio waliomchinja mbuzi wakamla.

"Nyumbani?" Boke akasema. Hakupaza sauti, na kila mtu alimsikia. "Mbuzi wangu mlimlia nyumbani? Mimi mlinisimamisha mbele ya watu, mkanicheka mbele ya watu, mkanitoza mbele ya watu. Huyu alikaa pale kwenye jiwe akaulizwa kama ana neno. Akasema hana. Akapewa ini. Leo kosa ni lake, ndiyo tunakwenda kuzungumza chumbani?"

Method alitazama daftari lake. Magige alisema, "Mama Elieth," akaishia hapo.

Watu walianza kutazama juu, mmoja mmoja, kwa kujificha. Anga lilikuwa wazi, bluu, halina hata kipande cha wingu, na upepo ulikuwa umeanza kupungua. Bonde la chini lilikuwa bado la kijani. Mashamba yale yalikuwa ya wanne wa wale wazee, na moja lilikuwa la Ryoba. Mzee alisogea hatua moja, akainamisha kichwa kidogo, akamsemesha Boke kwa sauti ya heshima ambayo hakuwahi kuitumia kwake.

"Na usiku wa leo, mama yangu, utakuwaje?"

Boke alikuwa anajua. Alijua tangu asubuhi, na wanawake wa mashamba ya chini alikuwa ameshawaambia mtoni, mmoja baada ya mwingine, kwamba wakusanye chochote kinachofuka moshi na wasimngoje mtu yeyote awape ruhusa. Kwa hiyo hakuna harage lililokuwa linategemea jibu lake, na angeweza kulijibu au kuliacha.

"Muulizeni mume wangu," akasema. "Siku zote zile, yeye ndiye aliyekuwa anajua."

Akajifunga kanga kiunoni akateremka shambani kung'oa maharage, maana hata yaliyoungua ng'ombe huyala yakiwa bado hayajakauka. Nyuma yake wazee walimgeukia Magige, wakamtazama wakingoja. Na Magige akainua uso angani, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, akatafuta kule juu kitu cha kuwaambia, asikione.